Programu ya Hesabu za Afya Ilihamia Ghala Jipya: Maana Yake Kwetu



Wenzetu wa kiwanda cha saruji Tororo na wa mashamba ya miwa Busia wametuuliza swali moja: Programu ya kompyuta inayoweka hesabu za wagonjwa ilihamishwa mwaka 2017, ikapelekwa katika ghala la kampuni ya Marekani. Je, majina na magonjwa yetu nayo yalikwenda huko? Swali hili ni la haki, na hapa tunalijibu.

HESABU ZINAVYOSAFIRI

Mfanyakazi akitibiwa malaria katika zahanati ya Busia upande wa Kenya, huandikwa katika rejista. Mwezi ukiisha, jumla ya wagonjwa hujazwa katika fomu MOH 705A kwa watoto wa chini ya miaka 5, na 705B kwa waliozidi umri huo. Tororo, na Busia upande wa Uganda, fomu ni HMIS 105. Mpaka unatugawa, lakini jumla za pande zote mbili huingizwa katika programu ya aina moja iitwayo DHIS2. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na Uganda ikafuata mwaka 2012. Kazi ya kuiandika huongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na mradi wenyewe ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990.

Hesabu hizo husaidia kukadiria dawa na vyandarua vinavyohitajika. Programu ikijumlisha vibaya, upungufu utaonekana dirishani pa dawa, na sisi ndio tutakaorudi nyumbani mikono mitupu.

MCHORO SI SARUJI

Kila mtu kiwandani anajua kwamba mchoro wa mashine ni kitu kimoja, na saruji inayotoka katika mashine ni kitu kingine. Maandishi ya programu ni mchoro. Hesabu za wagonjwa ndizo saruji. Kilichohama mwaka 2017 ni mchoro: ulitoka katika ghala liitwalo Launchpad, la kampuni ya Canonical, ukaingia ghala liitwalo GitHub, ambalo kampuni ya Microsoft ililinunua mwaka 2018. Hesabu hazikuhama. Hizo husimamiwa na Wizara ya Afya ya nchi husika.

Kwa nini kuhama? Launchpad ilitumia chombo kiitwacho Bazaar, wakati waandishi wengi wa programu duniani walikwisha kuzoea chombo kingine, Git, kilichoanza mwaka 2005. Fundi mwenye spana za kipimo ambacho wenzake hawana, hapana budi afanye kazi peke yake.

KUHAMA VIZURI

Katibu wa tawi akihama ofisi na orodha ya wanachama tu, akaacha kitabu cha kumbukumbu za mikutano, nani atajua tulikubaliana nini na mwajiri? Vivyo hivyo kwa programu. Anayehama vizuri huzingatia haya:

1. Abebe historia yote: kila badiliko, tarehe yake, aliyelifanya, na sababu yake.

2. Abebe matoleo ya zamani, maana kuna vituo ambavyo bado vinayatumia.

3. Afunge ghala la zamani kwa tangazo, watu wasije wakatengeneza mashine moja katika karakana mbili.

4. Ahakikishe hakuna neno la siri wala jina la mgonjwa lililosahauliwa ndani ya maandishi.

GHALA LA MWENYEWE HUFUNGWA

Kampuni ya Google ilikuwa na ghala lake la namna hii, Google Code. Machi 2015 ilitangaza kulifunga, na Januari 2016 likafungwa. Miradi mingi ya sayansi ililazimika kutafuta mahali pengine. Kinga ipo. Kwa Git, kila mwandishi anaweza kuwa na nakala kamili pamoja na historia yake. Tena leseni ya DHIS2 inamruhusu mtu yeyote kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Kijana wa Tororo anayesomea kompyuta ana ruhusa hiyo sawa na mtu wa Oslo.

WAJIBU WETU

DHIS2 ina pia sehemu inayoweza kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, pale inapotumika. Kwa hiyo, swali la siri zetu tusiliulize ghala la michoro. Tuwaulize wenye kushika hesabu, yaani zahanati, hospitali na wizara: nani anaruhusiwa kuona majina yetu? Nasi tutaje umri na makao yetu kwa usahihi tunapoandikwa, kwa sababu kosa la rejista halisahihishwi na kompyuta.

Mchoro uwe wazi kwa wote. Siri ya mgonjwa ifungwe.