Vifaranga wa Bata na Ugonjwa wa Ini: Tuogope Nini?

Hapa Makorora, akina mama wengi tunafuga bata uani. Siku moja, baada ya ibada ya akina mama, mwenzetu alituuliza swali zito. Jioni aliwaacha vifaranga wake wazima, asubuhi akakuta saba wamekufa, vichwa vimepinda nyuma. Alikuwa amesikia kwamba bata huugua homa ya ini, na mwanawe hucheza nao kila siku. Je, ampeleke hospitali?

Mpendwa msomaji, homa hiyo ipo. Ilitambuliwa mwaka 1949 katika mashamba ya bata huko Long Island, Marekani. Husababishwa na virusi, ambavyo kifaranga huvipata kwenye chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Virusi hushambulia ini, likavimba na kujaa madoa ya damu. Mara nyingine wengu na figo navyo huvimba. Kifaranga huzubaa, huanguka ubavu, hurusha miguu, na huweza kufa kwa muda wa saa moja tu. Wenye umri chini ya wiki moja huweza kufa karibu wote. Bata wakubwa hawaugui, ila huweza kueneza virusi kwa kinyesi chao.

Tulimtuliza mama huyo. Virusi hivyo si vile vya homa ya ini ya binadamu. Homa ya ini aina ya B hutoka kwa mtu hadi mtu: kwa damu, kwa kujamiiana, au kwa mama hadi mtoto wakati wa kujifungua. Ndiyo maana tunasisitiza watoto wapate chanjo zao katika wiki ya 6, 10 na 14.

Kisha nasi tukamuuliza: unawalisha nini? Akajibu, pumba zilizoota ukungu, maana kuzitupa ni hasara. Hapo tukashtuka. Ukungu wa mahindi na karanga huweza kutoa sumukuvu, nayo pia huharibu ini, hasa la kifaranga wa bata. Mwaka 1960 huko Uingereza, mashudu ya karanga yenye sumu hiyo yaliua bata mzinga zaidi ya 100,000. Binadamu naye hasalimiki: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Kipi kiliua vifaranga wale? Bila mzoga kupasuliwa na kupimwa, hakuna ajuaye. Kwa hiyo, akina mama wenzetu, tufanye haya:

- Vifaranga watengwe na bata wakubwa kwa wiki sita za kwanza.
- Maji yabadilishwe kila siku, na banda liwe kavu.
- Wakifa ghafla, tumwite ofisa mifugo kabla ya kufukia mizoga. Tusiile wala kuitupa jalalani.
- Watoto wanawe kwa sabuni baada ya kushika bata, kwani kinyesi chao huweza kuleta kuharisha.
- Nafaka iliyoota ukungu asipewe bata, wala isipikwe nyumbani.

Mungu ametukabidhi watoto na mifugo pia. Tuwatunze wote kwa maarifa, wala si kwa hofu.