Kimea: Kazi Inayotangulia Chungu cha Pombe

Neno la Kiswahili "pombe" limo katika vitabu vya biolojia vya lugha nyingi duniani. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, alieleza chachu iliyotoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Chembe zake hazikuota vichipukizi kama zifanyavyo chachu za bia na za mkate, bali kila chembe ilirefuka, kisha ikajigawa katikati. Lindner aliipa jina la Schizosaccharomyces pombe, nalo ndilo jina lake hadi leo. Miaka mingi baadaye Mwingereza Paul Nurse aliitumia chachu hiyo kuitafuta jeni inayoiamuru chembe hai ijigawe lini. Uchunguzi huo, ambao umewafaa sana wanaosoma habari za saratani, ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Kwa sababu ya sifa hizo, wanafunzi wengi hudhani kuwa chachu ndiyo inayoifanya pombe tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Chachu hula sukari, na ndani ya punje kavu ya mtama au ulezi sukari ni haba mno. Kilichojaa humo ni wanga, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana hata chachu isiweze kuimeza. Chachu ikitiwa katika unga mbichi uliokorogwa kwa maji itashinda na njaa mlangoni mwa ghala lililofungwa. Ufunguo wa ghala hilo ni kimea. Na katika upikaji wa pombe ya nafaka nyumbani, uzuri na usalama wa kinywaji huamuliwa zaidi katika siku za kuandaa kimea kuliko siku ya kuwasha moto.

Mbegu inayoamshwa

Wanga uliomo ndani ya mbegu ni akiba ya mche. Mbegu ikilowa maji ya kutosha, huamka na kuunda vimeng'enya, yaani protini maalumu zenye uwezo wa kukata minyororo ya wanga vipande vipande ili mche upate chakula kabla haujatoa majani. Mpika pombe huiacha mbegu ifanye kazi hiyo kwa siku chache, kisha huikausha ghafla. Mche hufa, lakini vimeng'enya hubaki ndani ya punje vikingojea maji mengine. Mbegu iliyofikishwa hatua hiyo ndiyo iitwayo kimea.

Ulaya hutumia shayiri. Afrika Mashariki hutumia zaidi mtama na ulezi. Punje huchambuliwa, huoshwa na kulowekwa kwa muda wa nusu siku hadi siku nzima, kisha maji humwagwa. Baadaye hutandazwa mahali penye kivuli, hufunikwa kwa majani au gunia lenye unyevu, na kunyunyiziwa maji kila zikikauka. Baada ya siku mbili, tatu au nne, kwa kadiri ya joto la mahali, vijizizi huonekana. Hapo huanikwa juani mpaka zikauke kabisa, zikasuguliwa ili vijizizi vianguke, na kusagwa.

Mambo haya yalijulikana vijijini karne nyingi kabla ya kuingia maabara. Wanakemia wawili wa Kifaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, ndio waliotoa katika kimea cha shayiri, mwaka 1833, kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Walikiita diastasi. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kupata kutengwa, na elimu nzima ya vimeng'enya inayofundishwa shuleni leo ilianzia hapo, katika mbegu iliyochipua.

Yafaa kutaja hapa ufundi mmoja wa Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda. Huko hustawi mtama mwekundu wenye tanini nyingi. Tanini huwafukuza ndege shambani, lakini pia hushikamana na vimeng'enya na kuvizuia visifanye kazi. Wenyeji huuloweka mtama huo pamoja na majivu ya kuni. Majivu yana magadi, na magadi hudhoofisha tanini. Aliyegundua jambo hilo kwanza hakuacha jina lake popote, ingawa ugunduzi wake ni wa kemia halisi.

Kwa nini uji hupikwa kwanza

Mgeni anayetazama pombe ya mtama ikipikwa huenda akashangaa kuona unga ukichemshwa mpaka uwe uji mzito, kisha uji huo ukaachwa upoe, ndipo kimea kitiwe. Kwa nini visichemshwe pamoja?

Jibu limo katika nyuzi za joto. Chembechembe za wanga hazina budi kuvimba na kupasuka katika maji ya moto kabla vimeng'enya havijaweza kuzifikia. Wanga wa shayiri hupasuka kwenye nyuzi 60 za Sentigredi hivi au hata chini yake, kwa hiyo mpika bia wa Ulaya aweza kuchanganya vyote kwa mara moja. Wanga wa mtama ni mgumu zaidi. Wahitaji nyuzi 70 hivi au kuzidi. Lakini vimeng'enya, kwa kuwa ni protini, huungua kama ute wa yai. Kile kinachokata sukari ya kimea kutoka mwisho wa mnyororo huanza kufa kabla ya nyuzi 70 kufika. Kile kinachokata katikati huvumilia kidogo zaidi, lakini katika maji yanayochemka vyote viwili huangamia. Basi wanga hutaka moto mkali na kimea hutaka moto wa wastani, na njia ya kuwapatanisha ni kupika uji kwanza na kutia kimea baadaye.

Wapikaji wasio na kipimajoto hupima kwa mkono, au huongeza maji baridi kwa kipimo walichozoea. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Uji wenye nyuzi 100 ukichanganywa na maji ya nyuzi 25 kwa ujazo sawa, mchanganyiko hufikia nyuzi 62 hivi, na chungu nacho kikinyonya joto kidogo, hushuka zaidi. Hapo ndipo vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri.

Mwalimu wa kemia aweza kulionyesha jambo hili darasani bila tone la pombe. Upikwe uji mzito wa mahindi, upozwe hadi nyuzi 60, ugawanywe katika bakuli mbili. Bakuli moja itiwe kijiko cha unga wa kimea cha ulezi. Ya pili itiwe kijiko cha unga wa ulezi usiochipuzwa. Baada ya dakika chache uji wa kwanza utalegea na kumiminika kama maziwa, ilhali wa pili utasimama palepale. Kila baada ya dakika kumi tone la kila bakuli lijaribiwe kwa iodini katika kisahani cheupe. Palipo na wanga rangi itakuwa buluu iliyokolea kama wino. Kadiri wanga unavyokatwa itaelekea zambarau, kisha hudhurungi. Wakirudia kwa kimea kilichochemshwa, wanafunzi wataona wenyewe kwamba hakuna kinacholegea.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na Sweden waliitumia sifa hiyohiyo kwa ajili ya lishe. Uji mzito humshinda mtoto mdogo, na uji mwepesi humjaza maji tumboni bila kumpa nguvu. Kimea kidogo kikitiwa, uji wenye unga mwingi huwa mwepesi wa kunyweka. Hivyo kitu kilichojulikana kwa pombe kilipata kazi katika bakuli la mtoto.

Hesabu ya chungu kimoja

Uji uliogeuka mtamu huachwa upoe, ndipo chachu hupata zamu yake. Huwa imo katika machicha ya pombe iliyotangulia, katika nyufa za chungu, na juu ya punje zenyewe. Haiji peke yake. Bakteria wa asidi ya laktiki hutangulia na kuuchachua mchanganyiko, na ukali huo huwafukuza wadudu wengi waharibifu. Uchagani, ambako mbege hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, huongezwa pia gome la msesewe ili kuleta uchungu, kama Wazungu watiavyo maua ya hopsi katika bia.

Kiasi cha kileo kinachowezekana hupatikana kwa hesabu ya kidato cha nne. Kilo moja ya nafaka yenye wanga asilimia 70 ina gramu 700 za wanga. Wanga wote ukigeuka glukosi, maji yanayoungana nao huuongezea uzito hadi gramu 778. Kila gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za kileo na gramu 88 za kaboni dioksaidi. Kwa hiyo kilo hiyo isingeweza kutoa zaidi ya gramu 398 za kileo. Katika lita 8 za pombe hizo ni asilimia 6 hivi ya ujazo. Chungu halisi hutoa pungufu ya hapo, kwa maana wanga wote haukatwi, bakteria hujichukulia sehemu yao, na pombe hunywewa ingali ikichemka.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini chungu hakizibwi. Gramu 180 za glukosi hutoa karibu lita 48 za hewa ya kaboni dioksaidi. Chupa ya kioo iliyofungwa kabisa kabla uchachu haujaisha hupasuka, na vigae vyake vimekwisha kujeruhi watu.

Sumu isiyoogopa moto

Watu wengi huamini kwamba kilichochemka kimetakasika. Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini sumu walizokwisha kuzitoa ni jambo jingine.

Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji, ambayo huko nako huitwa pombe. Waliougua ni 234; kati yao walikufa 75. Uvumi ulienea kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Maabara ilionyesha jambo jingine. Ndani ya pombe mlikuwa na asidi ya bongkreki, na ndani ya unga uliopikiwa mlikutwa bakteria anayeitoa, Burkholderia gladioli. Sumu hiyo ilikuwa imejulikana kwa maafa ya Bara la Asia. Hayo yalikuwa maafa yake ya kwanza kuthibitishwa Afrika. Haina ladha wala harufu ya kumwonya mtu, na kupikwa hakuiondoi.

Sumukuvu ni ya kawaida zaidi. Hutolewa na kuvu waotao katika nafaka zenye joto na unyevu, nayo haiharibiki katika maji yanayochemka. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 mashariki ya Kenya, na mwaka 2016 watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Aandaaye kimea huziweka punje zake kwa siku tatu katika hali ileile kuvu waipendayo. Ndiyo maana punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu hazina budi kutolewa kabla ya kulowekwa. Punje iliyokufa haichipui, bali huoza na kuziambukiza jirani zake. Maji ya kulowekea yabadilishwe, tabaka la punje liwe jembamba, na kukausha kusicheleweshwe. Kimea chenye nyuzinyuzi za kijani au nyeusi ni cha kutupwa, hata kama gunia zima limegharimu fedha nyingi. Hilo ni gumu kwa mama ambaye pombe ndiyo ada ya shule ya watoto wake, na kwa sababu hiyohiyo kimea kibaya mara nyingi huchanganywa na kizuri.

Mtama una tahadhari yake ya pekee. Mche wake mchanga una dhurini, kemikali ambayo hutoa sianidi mche ukisagika. Wafugaji wamepoteza ng'ombe kwa sababu hiyo. Vijizizi na vichipukizi vya kimea cha mtama vinayo pia, na vikisuguliwa na kupepetwa sehemu kubwa ya hatari huondoka. Kwa uji wa mtoto ni heri kutumia kimea cha ulezi.

Mwisho, machicha. Baada ya pombe kuchujwa, masalia hupewa nguruwe, kuku na ng'ombe, na ni chakula kizuri chenye protini. Lakini kimea kikiwa na sumukuvu, sehemu yake hubaki ndani ya machicha hayo, na ng'ombe wa maziwa akiyala, saa chache baadaye sumukuvu iliyogeuka umbo kidogo huanza kuonekana katika maziwa yake.