Fahamu: Chura wa Kihansi na bustani za wanyama za Marekani

Bustani za wanyama hulaumiwa kwa kuwafungia simba na tembo ili watu wapige picha, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kuna chura wa Tanzania ambaye bila bustani hizo leo asingekuwepo.

Chura wa Kihansi ana rangi ya manjano, hafikii urefu wa sentimita 3, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Duniani kote aliishi mahali pamoja tu: korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, palipoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa bwawa la umeme ukiwa tayari unaendelea. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua mno. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa, lakini mwaka 2003 vyura waliteketea. Ugonjwa wa kuvu ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini.

Bahati nzuri, mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Bronx Zoo, New York. Bustani ya Toledo nayo ikashiriki. Kuwalea hakukuwa lelemama. Wengi walikufa kabla wafugaji hawajajua chakula na mwanga unaowafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako bado hutegemea mabomba, kwa kuwa maji mengi yanazalisha umeme.