Je, Wajua? Lupita Alikuwa Mwongozaji Kabla ya Oscar

Katika Asumbi, kama kwingineko Nyanza, jina la Lupita Nyong'o, binti wa wazazi Waluo aliyezaliwa Mexico mwaka 1983, hutajwa zaidi kwa sababu ya tuzo ya Oscar aliyoitwaa mwaka 2014 kama mwigizaji, ilhali miaka 5 kabla ya hapo alikuwa ameshatoa filamu aliyoiongoza mwenyewe, In My Genes (2009). Hiyo ni filamu ya hali halisi, yaani ile inayowaonyesha watu na matukio ya kweli badala ya kisa cha kubuni, nayo inafuatilia maisha ya Wakenya 8 wenye ualbino, hali ya kurithi ambamo mwili hutengeneza kiasi kidogo mno cha rangi ya ngozi, nywele na macho, au hautengenezi kabisa. Mwongozaji ndiye anayeamua kamera imtazame nani na kwa muda gani. Sifa kuu ya kazi hii, ambayo pengine umaarufu wa Hollywood umeifunika isivyo haki, ni kwamba wahusika wanajieleza wenyewe, bila kuhurumiwa wala kugeuzwa maajabu.