Kamba za shingo: Sindano, kisu au uziache?

SIMAMA mbele ya kioo, uma meno kwa nguvu, kisha vuta pembe za mdomo kuelekea chini kana kwamba umeonja dawa chungu. Utaona kamba mbili au zaidi zikisimama wima shingoni, kutoka chini ya kidevu hadi karibu na mtulinga. Karibu kila mtu anazo. Shida huanza zinapobaki zimesimama hata ukiwa umetulia, watu wakaanza kukuuliza kama unaumwa au umechoka.

Wengi wanaoniletea lalamiko hili husema, "Daktari, nimetokwa na mishipa ya shingo." Kiswahili chetu kimelibebesha neno mshipa mizigo mingi: njia ya damu, neva, hata ngiri. Lakini kamba hizi si mishipa ya damu. Ni msuli. Huitwa platizma, nao ni mwembamba kama kitambaa kilichotandazwa chini ya ngozi, kuanzia sehemu ya juu ya kifua hadi kwenye taya na pembe za mdomo. Umemwona ng'ombe akitikisa ngozi kumfukuza nzi bila kusogeza hata mguu? Msuli wa jamii hiyo ndio uliobaki kwetu shingoni.

Ujanani, mafuta yaliyo chini ya ngozi huuficha msuli huu. Umri unaposonga, kingo zake za mbele hukaza na kuachana, mafuta hupungua na ngozi hulegea. Watu wembamba huziona kamba hizo mapema kuliko wanene. Ngozi nyeusi hustahimili jua vizuri, lakini wanaojipaka krimu za kujichubua zenye steroidi huifanya iwe nyembamba, na kilicho chini yake kikaonekana kabla ya wakati.

Ningependa ulielewe jambo hili la msuli kabla hujatoa hata shilingi moja. Krimu ya kukaza ngozi haifiki kwenye msuli. Kukanda shingo hakuulegezi ukabaki umelegea. Mazoezi ya kukunja uso na kunyoosha kidevu, ambayo watu hufundishana, huukaza msuli ule ule unaotaka utulie. Sijui ni pesa ngapi zimeishia kwenye vikopo vya krimu hizo, lakini ninavyoviona mezani pangu si vichache.

Hakikisha si ugonjwa

Kamba za uzee huja polepole, kwa miaka. Zikijitokeza kwa miezi michache tu, jiulize kama umepungua uzani. Kukonda bila sababu, pamoja na kikohozi, jasho la usiku, kiu isiyokatika au moyo kwenda mbio, kunaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari, Ukimwi au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Hapo unahitaji kupimwa damu na kifua, wala si kwenda kwa mrembeshaji.

Vilevile, uvimbe unaopanda na kushuka unapomeza huenda ukawa rovu. Mshipa ulio pembeni mwa shingo ukiwa umejaa hata ukiwa umeketi wima, na miguu imevimba au unapungukiwa na pumzi ukipanda ngazi, ni moyo unaolalamika. Huo sasa ndio mshipa wa kweli, na haungoji.

Sindano

Ikiwa ngozi yako bado haijalegea sana na kinachokusumbua ni kamba zenyewe, sindano ndiyo tiba ya kwanza ya kufikiria. Dawa inayotumiwa ni botulini, ambayo wengi huijua kwa jina la Botox. Ni sumu inayotengenezwa na bakteria, ile ile inayoweza kuua mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Kwa kipimo kidogo sana huizuia neva isiufikishie msuli ujumbe, na msuli ukalegea. Madaktari wameitumia kwa miaka mingi. Idara ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa matatizo ya macho mwaka wa 1989, kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka wa 2002, na kwa kamba hizi za shingo Oktoba 2024.

Daktari hukuomba ukaze shingo, huishika kamba kwa vidole, kisha huichoma sehemu kadhaa kwa sindano nyembamba. Hulali hospitalini. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache na hukamilika kwa takriban wiki mbili. Baada ya miezi mitatu au minne nguvu za dawa huisha na kamba hurudi. Kwa hivyo piga hesabu ya mwaka mzima, si ya sindano moja.

Nyuma ya platizma kuna misuli ya kumezea na ya sauti. Dawa ikizidi, au sindano ikizama, unaweza kushindwa kumeza vizuri, sauti ikafifia, au kichwa kikawa kizito kukiinua kutoka kwenye mto. Mara chache mtu hupata shida ya kupumua. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha asidungwe. Mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli na neva aseme mapema, na anayetumia viuavijasumu kama gentamisini pia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sindano za saluni na za nyumbani. Dawa hii huhifadhiwa kwenye jokofu, na sisi sote twajua jinsi stima inavyopotea. Aprili 2024 maafisa wa afya wa Marekani walitoa onyo baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua, baadhi wakalazwa, kwa kudungwa botulini bandia au iliyohifadhiwa vibaya. Ikiwa bidhaa bandia zimepenya huko, sioni kwa nini zisifike River Road. Omba uonyeshwe kichupa kabla hakijafunguliwa, na uhakikishe aliyeshika sindano amesajiliwa na Baraza la Madaktari, KMPDC. Orodha yao iko wazi kwa kila mtu.

Utasikia pia kuhusu mashine za mawimbi ya joto na za sauti. Hukaza ngozi kidogo, lakini haziondoi kamba. Sindano za kuyeyusha mafuta chini ya kidevu hupunguza mafuta tu, na kwa mtu mwenye kamba huenda zikazianika zaidi.

Kisu

Ngozi ikiwa imelegea na kuning'inia, sindano haitakuridhisha. Hapo daktari wa upasuaji hukata mstari mfupi chini ya kidevu, huondoa mafuta yakiwepo, na kuzishona pamoja kingo mbili za msuli zilizoachana. Mbinu moja inayotumika sana, iliyoelezwa na Joel Feldman wa Marekani mwaka wa 1990, huushona msuli katikati kama mtu anavyofunga kamba za kiatu. Ngozi ikiwa nyingi, hukatwa pia nyuma ya masikio ili ivutwe. Mara nyingi hufanywa kwa nusu kaputi. Matokeo hudumu kwa miaka, ingawa si milele, na kwa kawaida bima haigharamii.

Kwetu sisi Waafrika kuna swali la kuuliza kwanza: makovu yako hupona vipi? Ikiwa ulipotoboa masikio au ulipochanjwa begani kovu lilivimba likawa kubwa kuliko kidonda, mwambie daktari siku ya kwanza kabisa. Kovu la aina hiyo nyuma ya sikio au chini ya taya laweza kukusumbua kuliko kamba ulizozikimbia. Mtu wa namna hiyo ningemshauri abaki na sindano, au aziache kamba zake.

Mvutaji sigara aache angalau wiki nne kabla, la sivyo ngozi iliyovutwa huenda ikafa kwa kukosa damu. Shinikizo la damu lazima lidhibitiwe. Kuna pia neva ndogo inayopita ukingoni mwa taya. Ikiguswa, mdomo hupinda, kwa kawaida kwa muda, mara chache kwa kudumu.

Saa 24 za kwanza ndizo za hatari. Damu ikivuja chini ya ngozi inaweza kuibana njia ya hewa. Usikubali kufanyiwa upasuaji huu mahali ambapo usiku hapana mtu wa kukuhudumia. Na ukiwa umerudi nyumbani ukaona shingo inavimba ghafla upande mmoja, maumivu yanazidi au bandeji inakukaba, rudi hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.