Uso Baada ya Moto: Kazi Inayoanza Jeraha Linapofunga

Katika wodi za majeruhi wa moto, neno "amepona" huandikwa kwenye faili siku ambayo jeraha limefunga. Ngozi imeshika, bandeji imeondolewa, homa haipo, na kitanda kinahitajiwa na mwingine. Mgonjwa hupewa karatasi ya ruhusa, kopo la mafuta na tarehe ya kurudi kliniki, akaenda zake nyumbani kwa furaha anayoistahili. Siku hiyo uso wake huwa laini kuliko utakavyokuwa kwa miezi mingi inayofuata. Wiki chache baadaye kovu huanza kuvimba na kuwasha. Baada ya miezi mitatu huenda kope ya chini ikawa imevutwa hadi utando mwekundu wa ndani unaonekana, pembe za mdomo zimekaza, na kidevu kinaelekea kifuani. Anaporudi hospitali, ikiwa atarudi, huulizwa alikuwa wapi muda wote huo. Alikuwa nyumbani, kama mtu yeyote aliyeambiwa kwamba amepona.

Mabadiliko haya hayatokani na uzembe wa mgonjwa, wala si lazima yatokane na kosa la daktari. Ni kazi ya mwili wenyewe. Ngozi inapoungua hadi tabaka zake za ndani, mwili huliziba pengo kwa nyuzi za kolajeni, na kati ya nyuzi hizo huingia seli ziitwazo miofibroblasti, ambazo zina uwezo wa kujikunja kama msuli. Faida yake ni kwamba jeraha kubwa hupungua upana na kufunga mapema. Hasara yake ni kwamba seli hizo haziachi kuvuta siku jeraha linapofunga. Huendelea kuvuta kwa miezi, na kila kitu kilicho jirani na kovu hufuata mvuto huo.

Jeraha linalopona ndani ya wiki mbili kwa kawaida huacha tofauti ya rangi tu. Lile linalochukua zaidi ya wiki tatu lina uwezekano mkubwa wa kuacha kovu nene, lililoinuka na gumu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto, vijana na watu wenye ngozi nyeusi. Kovu la namna hii lisichanganywe na keloidi. Kovu lililovimba hubaki ndani ya mipaka ya jeraha la awali na hupungua polepole lenyewe, ilhali keloidi huivuka mipaka hiyo na kuendelea kukua. Kovu la moto huchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kukomaa, pengine hata miaka miwili. Wakati huo wote ni bichi: linawasha, ni gumu, rangi yake ni nyekundu au ya zambarau, na kwenye ngozi nyeusi huonekana jeusi zaidi na lenye kung'aa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa kovu ubichi huo ndio muda wa tiba.

Uso huathirika kuliko sehemu nyingine nyingi kwa sababu viungo vyake vya maana viko kwenye kingo zinazoning'inia bila mfupa wa kuzishikilia: kope, midomo, pua, masikio. Misuli ya uso nayo, tofauti na ile ya mikono na miguu, imejishikiza kwenye ngozi moja kwa moja. Ngozi ikikakamaa, msuli ulio mzima kabisa hushindwa kutabasamu au kukunja paji la uso. Ndiyo maana ndugu husema mgonjwa "amekuwa mkali" au "hacheki tena", hali yeye anacheka kwa ndani na uso haumfuati.

Jicho ndilo la kwanza kuangaliwa. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, na kovu la shavu au la paji la uso laweza kuivuta hata kama kope yenyewe haikuungua. Wahudumu waliowahi kufanya kazi katika maeneo ya ukame kama Kongwa wanaujua ugonjwa wa vikope, ambao huikunja kope kuelekea ndani hadi nywele zake zikalikwaruza jicho. Kovu la moto kwa kawaida hufanya kinyume chake, huibinua kope kuelekea nje na kuliacha jicho wazi. Njia ni tofauti lakini mwisho waweza kuwa mmoja: konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hukauka, hupata kidonda, na mgonjwa aliyenusurika moto akapofuka miezi kadhaa baadaye akiwa nyumbani kwake.

Kipimo cha hali hii hakihitaji mashine. Mgonjwa huambiwa afumbe macho taratibu, bila kukaza, kama anayelala, kisha mhudumu huangalia kwa tochi akiwa upande wa chini ya uso. Pakibaki ufa, hata mwembamba, jicho haliko salama. Mwenza au mzazi huombwa aangalie pia usiku, kwa kuwa wapo wanaofumba vizuri wakiwa macho na kulala kope zikiwa wazi. Wakati wa kusubiri rufaa, mchana hutumika matone ya kulainisha jicho, na usiku mafuta ya macho. Mafuta ya tetrasaiklini, ambayo hupatikana hata kwenye zahanati, hufaa pale ya kulainisha yanapokosekana. Kope yaweza kufungwa kwa plasta laini wakati wa kulala, ila ni sharti kuhakikisha jicho limefumba kweli chini yake, vinginevyo plasta yenyewe itaikwaruza konea. Maumivu, wekundu, doa jeupe au kuona ukungu ni dharura ya siku hiyohiyo. Upasuaji wa kope hausubiri kovu likomae, na mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa hoja hiyo.

Mdomo huziba polepole, na mwenyewe huzoea. Huanza kukata tonge dogo zaidi, kisha huacha muwa na embe, kisha mswaki haufiki kwenye meno ya nyuma. Mtu mzima wa kawaida huweza kuingiza vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Akibaki na viwili ni onyo. Akibaki na kimoja, daktari wa meno hawezi kufanya kazi yake, na mtaalamu wa usingizi atapata shida kubwa kupitisha mpira wa hewa siku atakapohitaji upasuaji wowote.

Zoezi la mdomo lililo rahisi kuliko yote limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Irabu zetu tano, zikitamkwa kwa kutia chumvi mbele ya kioo, huupeleka mdomo karibu kila upande: *a* huufungua, *i* na *e* huuvuta pembeni, *o* na *u* huukusanya. Kila irabu hushikiliwa hadi mvutano usikike kwenye kovu, kwa kuhesabu polepole hadi kumi, na zoezi zima hurudiwa mara tano au sita kwa siku. Baada ya hapo mgonjwa huingiza vidole gumba safi kwenye pembe mbili za mdomo na kuvuta nje taratibu. Ili kuongeza upana wa kufungua, vijiti bapa vya kukandamizia ulimi hupangwa pamoja kati ya meno na kuongezwa kimoja kila mdomo unapokubali. Mahali penye fundi wa meno ya bandia, anaweza kutengeneza kifaa cha kutanua pembe za mdomo kinachovaliwa kwa saa kadhaa kwa siku. Mtoto mdogo hawezi kuambiwa atamke irabu mara sita kwa siku, lakini atapuliza puto, filimbi na mapovu ya sabuni, na atanywa kwa mrija bila kubembelezwa.

Kwa shingo, adui ni mto. Mgonjwa aliyeungua shingoni hujisikia nafuu akiinamisha kidevu, na mama mwenye huruma humwongezea mto ili alale vizuri. Mkao wa nafuu ndio huo huo ambao kovu linautaka. Alale bila mto, na taulo iliyokunjwa iwekwe chini ya mabega ili kichwa kilegee nyuma kidogo. Mchana atazame dari, kisha bega la kulia, kisha la kushoto, akiacha kidevu kivute ngozi ya shingo.

Ukandaji ni kazi ya mikono ya nyumbani. Huanza pale ngozi mpya inapokuwa imeshika, bila malengelenge wala vidonda wazi, na husimamishwa vikitokea. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Kidole hukandamiza na kuisogeza ngozi juu ya mfupa kwa miduara midogo, kisichelee juu tu kama mtu anayejipaka, kwa dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku. Tafiti juu ya ukandaji si nyingi wala hazilingani, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu ya mwasho, na ngozi iliyolainika hukubali mazoezi yanayofuata. Mwasho wenyewe usidharauliwe. Humnyima mtu usingizi na kumfanya akwangue hadi ngozi mpya ichanike, na dawa za kupunguza mwasho zitolewe bila kusita.

Kuhusu vifaa vya kukandamiza na silikoni, ni vema kusema ukweli wa mazingira yetu. Vitambaa vya kubana na barakoa ngumu ya plastiki inayoonyesha hukusudiwa kuvaliwa karibu saa 23 kwa siku, kwa miezi. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga hilo ni jambo zito, na mgonjwa anayevua mara kwa mara asiitwe mkaidi. Fundi cherehani akiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kushona kitambaa cha kunyumbulika kinachofaa. Kwa mtoto, taya lichunguzwe kila mara kwa sababu mkandamizo wa muda mrefu waweza kuathiri ukuaji wake. Karatasi za silikoni, zinapopatikana, huvaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi kadhaa, na huoshwa pamoja na ngozi kila siku ili kuzuia vipele. Kovu lililobaki nene licha ya haya laweza kuchomwa sindano ya triamsinoloni ndani yake, kila baada ya wiki nne hadi sita, na mtaalamu tu.

Jua huzidisha weusi wa kovu bichi, kwa hiyo kofia pana au mtandio ni sehemu ya tiba. Krimu za kujichubua si sehemu yake. Wengi huzinunua kwa siri ili rangi ilingane, na viambato kama zebaki na haidrokwinoni huiharibu ngozi ambayo tayari ni dhaifu.

Upasuaji wa kurekebisha, kama kulegeza kovu na kupandikiza ngozi, au kulikata kwa umbo la Z ili kulirefusha, kwa kawaida husubiri kovu likomae, isipokuwa jicho liko hatarini, mdomo haupitishi chakula, au shingo imefungwa. Familia iambiwe mapema kwamba ngozi iliyopandikizwa nayo hunywea, na mazoezi yaleyale huanza upya.

Jambo moja halimo kwenye chumba cha upasuaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua nyuso katika mji wa East Grinstead, Uingereza. Mbali na upasuaji, aliwaomba wakazi wa mji wawakaribishe watu wake kwenye baa na majumbani bila kuwakodolea macho, na wakazi wakakubali. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao wenyewe, wakakiita Guinea Pig Club. Mwalimu mkuu anayezungumza na darasa kabla mtoto aliyeungua hajarudi shuleni anafanya kazi ya namna hiyo, na barua fupi kutoka kliniki humpa pa kuanzia.

Sababu ya ajali nayo iulizwe kabla ya ruhusa. Aliyeangukia mafiga kwa kifafa na akarudishwa nyumbani bila dawa za kifafa ataanguka tena kwenye moto uleule. Na kovu la zamani ambalo, baada ya miaka mingi, linatoa kidonda kisichofunga, lichukuliwe kipande cha kupimwa, kwa kuwa saratani huweza kuanzia hapo.

Kwenye karatasi ya ruhusa, basi, pamoja na jina la dawa, paandikwe mambo matatu: macho yote mawili yanafumba kabisa au la, mdomo unaingiza vidole vingapi, na kichwa kikiinuliwa nyuma, kuna sentimita ngapi kati ya kidevu na juu ya mfupa wa kifua. Zahanati ya kijijini hurudia vipimo hivyo kila mwezi kwa tochi na futi ya fundi cherehani. Kipimo kikipungua kati ya ziara mbili, mgonjwa hupelekwa rufaa wiki hiyo, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa mwanzo.