Taa ya ndani ya gari, jini na fyuzi ya waya

Wenye magari ya zamani hapa Misungwi wanauliza swali moja kwa sura nyingi: kwa nini taa ya ndani ya Peugeot 504 au Datsun inawaka kwa mbali usiku, na milango yote imefungwa? Mmoja ameambiwa gari lina jini, atoe mbuzi. Asitoe. Kilichomo ni unyevu na kutu.

Wengi hudhani swichi ya mlango inakata chanya. Sivyo. Katika magari mengi ya enzi hizo, waya wa chanya hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na kufika kwenye balbu saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kinachokatwa ni hasi. Mlango ukifunguliwa, kile kitufe cha kwenye nguzo huchomoza na kuunganisha waya wa balbu na bodi, na bati lote la gari huwa njia ya kurudi kwenye betri. Ni ubunifu mzuri kweli: kila mlango unahitaji waya mmoja tu, na waya huo ukichubuka ukagusa bati, hakuna shoti, taa inawaka basi. Sasa, kitufe kikijaa vumbi na unyevu, umeme kidogo sana huvuja kupitia uchafu ule. Balbu ya zamani ya wati 5 huhitaji ampea 0.4 hivi, kwa hiyo haioneshi kitu. Ukiweka LED, uvujaji wa sehemu ndogo mno ya hiyo ampea unatosha kuiwasha kwa mbali. Huyo ndiye jini.

Taa ikibaki inawaka kabisa, betri nzima ya ampea-saa 45 huisha kwa takriban siku nne na nusu. Iliyochoka haifiki huko. Kumwaga asidi mpya ndani yake hakuiponyi, na kuiweka juu ya sakafu ya saruji hakuinyonyi chaji. Yote mawili nimechoka kuyasikia.

Kinachonikasirisha zaidi ni fundi anayeona fyuzi imeungua, akaweka kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara, akapokea pesa akaondoka. Waya wa chanya unaopanda hadi kwenye paa hauna msamaha ule wa waya wa swichi. Ukichubuka ukagusa bati, fyuzi pekee ndiyo inayouzuia. Bila fyuzi, ampea huvuka mia kwenye waya mwembamba, na joto hukua kwa mraba wa mkondo: ampea zikiongezeka mara 10, joto huongezeka mara 100. Ganda la plastiki la PVC huyeyuka kwa sekunde, kisha sponji na kitambaa cha paa hushika moto juu ya vichwa vya abiria. Moshi wa PVC una gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa koo na mapafu hugeuka asidi.

Kwa hiyo: ng'oa swichi, isugue kwa msasa laini pamoja na bati inapokaa. Weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye kisanduku. Kabla ya kugusa waya wowote, fungua terminali ya betri inayokwenda kwenye bodi. Kwa gari la Kiingereza la kabla ya katikati ya miaka ya 1960, kama Morris Minor, huenda hiyo ni chanya. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.